Kabla ya winchi, nunua chepe: vifaa vya kujinasua gari na tela vinapozama

Masika ndo imeingia, na nyanya ikishaiva haisubiri barabara ikauke. Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, nataka tuongee kuhusu kuzama.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Bwana shamba, gari limezama, tela limezama, matenga 40 ya nyanya yako juu." Nilipofika, trekta ya jirani ilikuwa imeshafungwa mnyororo kwenye kile kikulabu chembamba chini ya bampa la mbele. Tela bado limeungwa nyuma, na mzigo wote juu. Trekta ikakurupuka. Kikulabu kiking'oka, kikaruka pamoja na mnyororo na kutoboa madigadi ya trekta. Kutoka pale hadi kiunoni kwa dereva ni shibiri moja tu.

Yule dereva ana watoto. Nyanya zilifika sokoni kesho yake zikiwa laini, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Lakini hasara ya nyanya tunaizungumza kwa sababu hatukuzungumza msiba.

Sasa kila nikikaa na vijana, swali ni lile lile: "Nifunge winchi gani ya umeme mbele?" Mimi msimamo wangu ni huu: wengi wenu hamuhitaji winchi kwanza. Mnahitaji vitu vya bei ndogo ambavyo mnavidharau.

Cha kwanza ni chepe la mpini mrefu. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa unajaza meno ya tairi, tairi linakuwa kama ndizi iliyomenywa. Ukiendelea kukanyaga mafuta unachimba tu, mpaka difu inakaa juu ya tope. Hapo tope linafyonza gari, na nguvu ya kulitoa inazidi mara nyingi ile ambayo ingetosha ungesimama mapema. Kwa hiyo tairi zikianza kuzunguka bure, ondoa mguu. Shuka, chimba mbele ya kila tairi na toa tope chini ya difu. Dakika 20 za chepe zinaokoa kamba, gari na watu.

Cha pili ni mbao mbili nene au zile mbao za plastiki za kuwekea tairi. Zisukume hadi ziguse tairi, panda taratibu kwa gia ndogo. Mtu asisimame nyuma, maana ubao unaweza kurushwa.

Cha tatu ni kipimo cha upepo na pampu ndogo ya betri. Kwenye mchanga, kushusha upepo wa tairi za gari hadi psi 18 au 20 kunasaidia sana. Kwenye mfinyanzi unaonata kunasaidia kidogo tu, msitegemee miujiza. Na ukitoka, jaza tena kabla hujashika lami, hasa ukiwa na mzigo.

Cha nne ni mkanda, na hapa ndo vijana wengi wanapotea. Kuna mikanda ya aina mbili. Wa nailoni unanyumbuka, ni wa gari kwa gari: gari linalovuta linaanza na mkanda ukiwa umelegea kidogo, ule mnyumbuko ndo unang'oa. Wa poliesta haunyumbuki, huo ni wa kuvuta polepole bila kukurupuka. Ukivutwa na trekta tumia huu wa pili. Chagua mkanda unaohimili mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya hayo mawili. Hilux yenye mzigo inakaribia tani 3, kwa hiyo mkanda wa nailoni wa tani 8 unaitosha. Usioandikwa uwezo wake, uache dukani.

Cha tano ni shakeli mbili, vile vyuma vya umbo la U vyenye pini, zilizochongwa uwezo wake. Za tani 4.75 zinafaa kwa magari yetu. Usiunge mikanda miwili kwa shakeli katikati. Mkanda ukikatika, chuma hicho ni risasi.

Lakini vyote hivyo ni bure kama hujui pa kufunga. Kile kikulabu cha bampa mara nyingi kiliwekwa ili gari lisisogee likisafirishwa. Ule mpira wa kuvutia tela nao usiufunge mkanda kabisa, umeua watu nchi nyingi. Nenda kwa fundi anayeaminika, afunge sehemu imara ya kuvutia iliyoshikwa na boliti kwenye chesisi, mbele na nyuma. Hiyo ndo pesa yako ya kwanza kutumia.

Kuhusu tela: shusha mzigo, likate kwenye gari, toa gari kwanza. Ukifika pagumu livute tela peke yake, polepole, kwa mkanda mrefu usionyumbuka. Nundu za tela hazikutengenezwa kwa mshtuko. Trekta nayo ifungwe kwenye ndoano yake ya chini. Ukifunga juu, pua inainuka na inaweza kumpindukia dereva. Watazamaji wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na asiwepo mtu kwenye mstari wa kuvuta. Tupieni koti zito au gunia katikati ya mkanda.

Kuna atakayesema, "Bwana shamba, mimi nafanya kazi peke yangu bondeni, hakuna gari jirani." Sawa, wewe una hoja. Lakini hata hapo ningeanza na winchi ya mkono. Haihitaji betri, inavuta mbele au nyuma, na unaihamishia kwenye tela. Ukipata puli, nguvu inakaribia mara mbili. Pasipo na mti, fukia tairi la akiba kwa kina na ufunge hapo. Winchi ya umeme ije baadaye, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo.

Na cha mwisho hakiuzwi: shuka ukatembee kwa miguu kabla hujaingiza tela. Ukiona buti linazama hadi kifundoni, acha tela kwenye changarawe, matenga yatoke kwa toroli au bodaboda. Utalipa kidogo, lakini nyanya zitafika ngumu na wote mtarudi nyumbani.

Kazi njema shambani.