Pofu ni wa Nani?

Makamanda, leo naiweka katiba pembeni kidogo. Tuongee nyama.

Msimu wa juzi tembo walimaliza mahindi ya bibi yangu kwa usiku mmoja. Tukajaza fomu ya kifuta jasho. Mpaka leo kimya, jasho lenyewe limeshakauka. Pori hilohilo limejaa pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, na kijana wa kijijini akimgusa mmoja tu analala mahabusu.

Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wetu. Sawa. Ila bibi hajawahi kuuona huo umma siku ya mgao, anauona siku ya hasara tu.

Eti pofu hafugiki? Nani kasema? Huko Ukraine, kwenye theluji, Askania-Nova walimpokea tangu 1892 na baadaye wakawa wanamkamua maziwa. Jirani zetu Kenya, ranchi ya Galana miaka ya 1970, walichunga pofu na choroa: mchana malishoni na mchungaji, usiku bomani kama ng'ombe. Na choroa anavumilia kiu kuliko ng'ombe yeyote unayemjua. Sisemi tufuge kila kitu. Nyumbu mniachie hukohuko, wafugaji wa Kimaasai wanajua ndama wake wanavyoua ng'ombe kwa homa.

Wakubwa watajibu kwamba ranchi za wanyamapori zinaruhusiwa, omba leseni. Haya, kijana aliyekosa hata mkopo wa bodaboda atatoa wapi hela ya uzio? Tena pofu anaruka uzio wa kawaida kama mchezo. Hiyo leseni ni ya wenye nacho, tusidanganyane.

Namibia walibadili sheria 1996, wananchi wa vijijini wakapewa haki ya kunufaika na wanyama kupitia hifadhi zao za jamii. Nasi tuna jumuiya za hifadhi, lakini ninachodai ni zaidi: kijiji kikabidhiwe kundi la pofu kwa mkataba, kichunge, kichinje kwa idadi iliyopangwa, kiuze kwenye bucha za nyamapori zilizokwisharuhusiwa. Na ardhi isiondoke mikononi mwa kijiji, maana hela ikinukia tu, matajiri watakuja na nguzo na waya kabla hatujamaliza kikao.

Nataka hili liingie kwenye ilani ijayo. Anayepinga aje na hoja, ila kwanza akamuulize bibi yake.