Tahadhari kwa Kambi za Baiskeli: Dripu ya Chumbani

Mwendesha baiskeli anayeshindana akitundikiwa dripu kitandani kwake baada ya mbio, tayari amevunja kanuni za kimataifa za kupambana na pufya, hata kama ndani ya chupa hamna kitu ila maji na chumvi. Kanuni hizo haziguswi na kisichozidi mililita 100 katika saa 12, ila chupa ya kawaida ya dripu ni nusu lita. Tiba halali ya hospitali haimo katika katazo hili. Dripu ya chumbani imo, iwe imetundikwa na nesi, na mwenye kemisti, au na kocha aliyejifundisha kutafuta mshipa.

Ninaanza na dripu kwa makusudi. Huku kwetu dripu haimtishi mtu. Mtu akiwa na homa anatundikiwa, na akichoka tu anaomba atundikiwe. Kijana aliyekanyaga pedali kilomita 150 juani, midomo imekauka na miguu inakakamaa, akiambiwa “tukuwekee maji kidogo” hataona hatari yoyote. Kesho yake ataongezewa vitamini humo humo. Mwezi ujao chupa itakuja bila lebo.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa bara la Afrika. Watoto waliosimama kando ya vilima vile wakapungia wapanda baiskeli mikono sasa wanataka baiskeli za mbio, na wana haki. Rwanda ina Tour du Rwanda yake, Kenya na Uganda zina timu zinazokimbia hadi ng’ambo, na Kanda ya Ziwa mashindano ya baiskeli yana wenyewe tangu zamani. Zawadi zitapanda, na pale zinapopanda, wauza dawa hawachelewi.

Wala hawatatoka mbali. Soko la pufya limekwisha kujengwa katika nyanda zetu za juu, kwa gharama ya wanariadha. Rita Jeptoo, Jemima Sumgong na Asbel Kiprop, wote mabingwa wakubwa, walifungiwa kwa EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3 baada ya dawa ya kukojosha kupatikana katika mkojo wake. Muuzaji aliyezoea kugonga mlango wa mkimbiaji hahitaji leseni mpya kugonga mlango wa jirani mwenye baiskeli. Bidhaa ni ile ile, na mara nyingi mji ni ule ule.

Sasa, kwa nini kanuni zigombane na maji ya chumvi? Jibu liko Valkenburg, Uholanzi, kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1998. Kwa mujibu wa ushahidi uliokusanywa na wakala wa Marekani wa kupambana na pufya, USADA, wapimaji walifika asubuhi nyumbani alikolala mwendesha baiskeli wa Marekani Lance Armstrong. Daktari wa timu akaenda garini, akaficha chupa ya dripu ya lita moja ndani ya koti la mvua, akampita mpimaji pale pale, akaingia chumbani. Maji yaliingia mshipani, damu ikawa nyepesi, kipimo kikasoma sawa. Chupa ya maji tu, isiyo na tone la dawa, ndiyo iliyofunika dawa.

Dawa yenyewe ni EPO. Figo zetu huitengeneza kwa kiasi, nayo huuambia uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, hasa wa figo, wenye upungufu wa damu. Ukimdunga mtu mzima wa afya, chembe zinazidi na damu inakuwa nzito. Miaka ya 1990 EPO haikuwa na kipimo, kwa hiyo mwaka 1997 chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kiliweka mpaka: chembe nyekundu zikizidi asilimia 50 ya ujazo wa damu, mwanamume hapandi baiskeli. Wengi waliusoma mpaka huo kama ruhusa ya kujaza hadi 49. Kijana wa Iten, aliyezaliwa mita 2,400 juu ya bahari, mwili wake umezoea kutengeneza chembe nyingi kuliko wa mtu wa pwani. Akiongezewa EPO juu ya hizo, kisha akatoka jasho saa 5 mfululizo, moyo wake unasukuma damu nzito iliyopungukiwa maji. Hapo ndipo damu huganda: mguuni, mapafuni, au kichwani. Na EPO ya magendo hakuna ajuaye imelala kwenye joto gani kabla ya kufika.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Februari 2011 Mwitaliano Riccardo Riccò alifikishwa hospitali akiwa mahututi. Daktari aliyempokea aliripoti kwamba mgonjwa alimwambia amejirudishia damu yake mwenyewe, iliyokaa siku 25 kwenye friji ya nyumbani. Alifungiwa miaka 12. Alikuwa mtaalamu, aliyewahi kuwa wa pili katika Giro d’Italia, na bado utaalamu huo haukumwokoa.

Karibu hakuna anayeanzia huko. David Millar wa Uingereza, bingwa wa dunia wa mbio za kushindana na saa mwaka 2003 kabla ya kuvuliwa taji, ameeleza alivyoingia kwenye timu za kulipwa akikataa sindano zote. Baadaye akakubali zile za vitamini, za “kurudisha mwili”, ambazo kwenye timu zilikuwa jambo la kila jioni. Mkono ulipozoea sindano, EPO haikuwa hatua kubwa. Mwaka 2004 polisi walikuta mabomba ya sindano yaliyotumika nyumbani kwake Biarritz. UCI ilingoja hadi mwaka 2011 ndipo ikakataza sindano zote zisizo na sababu ya kitabibu. Sitaki kambi zetu zisubiri hivyo: Ulaya ilipita miaka mingi ya kashfa kabla ya kuona kwamba tatizo lilianza kwenye vitamini.

Kocha atakuambia, “Wetu wanapimwa, usihofu.” Wanapimwa wapi? Bingwa wa ngazi ya juu hutakiwa kusema kila siku saa moja ambayo mpimaji atamkuta, na akikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 amepata kosa kamili. Akikutwa, huchagua mwenyewe kifaa kilichofungwa, hupandisha fulana hadi kifuani, na hukojoa mpimaji akitazama, kisha mkojo hugawanywa chupa A na B. Tangu mwaka 2008 kuna pia pasipoti ya damu, inayofuatilia mwenendo wa damu ya mtu kwa miaka, na tangu 2018 damu hiyo yaweza kupimwa Nairobi bila kusafirishwa mbali. Ni mfumo mzuri. Lakini kijana wa miaka 17 kwenye mbio za wilaya zenye zawadi ya pikipiki hajawahi kuuona hata kwa picha, na muuzaji anajua hilo kuliko sisi. Isitoshe, Armstrong hakuangushwa na mkojo. Wenzake 11 wa zamani walikaa chini wakasema, na mwaka 2012 mataji yake 7 ya Tour de France yakafutwa.

Kuna na vitu vidogo vinavyopita dirishani. Tramadoli, ambayo katika miji yetu huuzwa kwa vijana kama karanga, imekatazwa siku za mashindano katika baiskeli tangu 2019 na katika michezo yote tangu Januari 2024. Nairo Quintana wa Kolombia alifutiwa nafasi ya 6 ya Tour de France ya 2022 kwa sababu yake, ingawa mwenyewe alikana kuitumia. Huua maumivu, huleta usingizi, na huyo mwenye usingizi yuko kwenye mteremko kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa. Sindano ya kupunguza uvimbe wa goti, triamsinoloni, imewaponza Wakenya kadhaa riadhani. Inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya goti kupona. Halafu kuna hewa ya kaboni monoksidi. Ndiyo, ile ile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Baadhi ya timu kubwa ziliivuta kwa kiasi ili kupima damu, ikahofiwa kugeuzwa njia ya kuongeza chembe nyekundu, na Februari 2025 UCI ikakataza kuivuta mara kwa mara. Habari hizi hufika kwetu nusu nusu kupitia simu. Mtu asije akajifungia na jiko akidhani anafanya mazoezi ya nyanda za juu.

Viongozi wa vyama vya baiskeli, wekeni kanuni ya kambi kabla ya msimu: hakuna sindano wala dripu nje ya hospitali, na anayeingia na bomba la sindano anatoka siku hiyo hiyo, awe kocha au mfadhili. Wenye mbio ndogo, ombeni mamlaka za nchi zenu zipime japo washindi wachache bila kutangaza. Mzazi, ukiona friji ya chumba cha kijana ina vichupa vyenye barafu pembeni, uliza bila kupiga kelele.

Nawe kijana, ukiumwa malaria au kuharisha, usikatae dripu kwa kuogopa kufungiwa. Nenda hospitali, sema unashindana, dai karatasi zote na uulize mapema kuhusu ruhusa ya kutumia kwa tiba kitu kilichokatazwa. Na kama umekwisha kudungwa kitu usichokijua, ukasikia kifua kinabana, mguu mmoja umevimba, au kichwa kinauma isivyo kawaida, usilale ukingoja kuche. Nenda usiku huo huo, ubebe kichupa chenyewe, na umwambie daktari ukweli wote.