Kijana anataka kompyuta mpya

Wengi wenu mna kijana wa namna hii nyumbani. Kampuni kubwa ya Marekani ikitangaza simu mpya usiku kwa saa zetu, yeye yuko macho anatazama. Kesho yake anajua kamera ya simu hiyo, prosesa yake na bei yake kwa dola, ingawa simu yenyewe huenda asiishike mkononi maishani mwake. Mwulize sukari imebaki kiasi gani jikoni, hajui.

Hatuwasemi kwa ubaya. Vijana hawa ndio wanaotufungulia simu zetu zikijifunga, na ndio wanaotujazia fomu za serikali zinapodai kujazwa kwenye kompyuta. Ila matangazo hayo wanayoyapenda hufika mahali yakagusa mfuko wa mama. Hapa kwetu Kilakala yaligusa ada ya mtoto, mwezi Oktoba 2025, na tumeona ni vyema tuwasimulie.

Mama mmoja wa kikundi chetu ni mjane mwenye watoto wawili. Mkubwa ni kijana wa miaka 24, mwenye chumba cha steshenari kando ya barabara, si mbali na Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Marian College. Hapo watu huchapiwa barua na kutolewa kopi, na waliomaliza kidato cha sita huja kujaza maombi ya chuo na ya mkopo wa elimu ya juu. Kompyuta ni moja tu, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Mdogo wake ni binti, ambaye mwezi huo huo alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Awamu ya kwanza ya ada ilikuwa laki saba, na laki saba hizo zilikuwa ndani ya kikoba chetu.

Kijana akamwambia mama yake, "Mama, kompyuta yetu inakufa tarehe 14." Mama naye akaelewa alivyoelewa: kwamba asubuhi ya tarehe 14 mashine haitawaka, na steshenari ndiyo inayolisha nyumba. Siku ya kikoba alikuja kuomba fedha zake, akiwa ameshaamua kwamba binti atangoja mwaka mmoja na kijana atapanda treni kwenda Kariakoo. (Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, Kariakoo imekuwa kama soko la jirani. Faida yake tunaiona, na hasara yake kwa mifuko yetu tunaiona pia.)

Tulikwenda wawili kumwona kijana huyo.

"Shikamooni."

"Marahaba, baba. Mama yako anasema kompyuta inakufa."

Akacheka. "Haifi, Sista. Imeachwa tu."

Sasa hapo ndipo penye habari yote, nasi tuliketi kwenye benchi la wateja akatueleza. Kompyuta yake inaendeshwa na programu iitwayo Windows 10, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwezi Julai 2015. Programu kama hiyo haijawahi kutoka kiwandani ikiwa kamili. Kila mara hugunduliwa tundu ambalo wezi wanaweza kupita, na kampuni hutuma kiraka cha kuliziba. Viraka hivyo hutumwa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Sisi wauguzi tulitazamana tukacheka, kwa maana hiyo ni kliniki kabisa, na siku yake imepangwa! Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi huo, na ndiyo iliyokuwa kliniki ya mwisho ya kawaida kwa Windows 10. Mtoto hafi siku ambayo kliniki inafungwa. Atacheza na kula kama jana. Ila ugonjwa mpya ukiingia mtaani, hana chanjo yake.

Tulimwuliza kwa nini asiweke tu ile mpya, Windows 11. Uso wake ukabadilika. Alitusimulia jinsi ilivyotangazwa tarehe 24 Juni 2021, naye akiwa bado mwanafunzi, na jinsi alivyofurahia sura yake mpya mpaka akasahau kulala. Siku chache baadaye aliendesha programu ndogo ya kupima kama kompyuta inafaa, nayo ikamjibu kwamba haifai. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na inadai prosesa ambayo, kwa kawaida, ni ya mashine zilizotoka kuanzia karibu mwaka 2018. Mashine yake ilikuwa imezaliwa kabla ya hapo. Kwa miaka minne alibaki kama mtu aliyealikwa harusini akazuiwa mlangoni.

Ndipo tukamwuliza swali tulilokwenda nalo. "Baba, hii tarehe ya 14 Oktoba 2025, ilitangazwa lini?"

Akasema labda mwaka huo huo. Akatafuta kwenye simu yake, akakaa kimya. Tarehe hiyo iliandikwa na kampuni yenyewe katika ratiba yake tangu mwaka 2015, Windows 10 ilipotoka. Miaka kumi ilikuwa wazi kwa kila mtu kusoma. Kijana aliyejua unene wa kila simu mpya kwa milimita hakuwa ameiona, kwa sababu haikutangazwa kwa muziki na taa.

Sisi tunaotunza stoo ya dawa tumefundishwa kutazama kisanduku upande ulioandikwa tarehe ya mwisho. Dawa inayoisha kwanza ndiyo inayotoka kwanza, na ile itakayoisha miezi mitatu ijayo huagizwa mbadala wake leo, si siku ya kuisha. Hakuna muuguzi anayeipenga stoo kwa kufuata kisanduku kipi kina rangi nzuri. Kijana angeisoma tarehe ile hata mwaka 2021 tu, angekuwa na miaka minne ya kuweka elfu kumi kumi kila mwezi, na ada ya dada yake isingeguswa na mtu. Tulimwambia hivyo bila kuzunguka, naye alikubali.

Lakini kulikuwa na mama mwingine katika kikundi, mtu wa maneno makali, aliyesema, "Kama inawaka, iacheni iwake. Hayo ya viraka ni mbinu ya wauzaji." Huyo naye hatukukubaliana naye. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa siku moja, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili vifungue. Nchini Uingereza vilizipiga hospitali za umma. Wagonjwa walirudishwa nyumbani, upasuaji ukaahirishwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kiraka cha kuzuia balaa hilo kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Mashine zilizoumia ni zile ambazo hazikuwekewa. Sasa fikirieni steshenari yetu, ambapo binti wa watu anaandika namba yake ya kitambulisho cha taifa na neno lake la siri la Bodi ya Mikopo kwenye kompyuta asiyoijua. Mwenye steshenari amebeba amana za watu. Hofu ya kijana ilikuwa ya haki, ila dawa aliyojiandikia ndiyo iliyokuwa ghali.

Katika kazi yetu tumeona mabadiliko mengi. Klorokwini iliachwa nchini mwetu mwaka 2001, ikaja SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Wagonjwa wengine walinung'unika, walikuwa wameizoea klorokwini pamoja na mwasho wake. Haikuachwa kwa sababu dawa mpya ilikuwa imetangazwa vizuri. Iliachwa kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea kuliko wagonjwa. Hiyo ndiyo sababu tunayoiheshimu, yaani ya zamani imeshindwa kazi. Kwa hiyo tulimtaka kijana atuambie ni kitu gani hasa kilichoshindwa katika mashine yake. Skrini? Nzima. Kibodi? Herufi mbili zimefutika, lakini vidole vyake vinajua zilipo. Diski? Aliibadilisha mwenyewe mwaka uliotangulia. Kilichoisha ni programu tu.

Basi kama ni programu, njia zilikuwapo. Microsoft iliweka mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa Windows 10, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu binafsi angeweza kuupata kwa dola 30, au bila kulipa akihifadhi mipangilio ya mashine yake kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Lakini huo ni mpango wa kompyuta za nyumbani, na hii ilikuwa ya biashara. Njia ya pili ni kuondoa Windows na kuweka Linux, programu ya kuendesha kompyuta ambayo hailipiwi, ambayo ina matoleo mepesi kwa mashine zenye umri, na ambayo viraka vyake vinaendelea. Mtu huweza kuijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa kilicho ndani ya kompyuta. Kijana alikuwa anaijua Linux siku zote. Tulipomwuliza kwa nini hakuitaja kwa mama yake, alijibu kwa unyofu kwamba haina jambo la kuwaonyesha wenzake.

Alihamisha mafaili yake yote kwenye diski ya nje, akaweka toleo liitwalo Linux Mint pamoja na LibreOffice ya kuchapia barua. Hapo tumkumbushe msomaji jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ya leo ni tawi la shina hilo hilo la OpenOffice. Mwaka huo huo 2004 Microsoft nayo ilitangaza kwamba italeta programu zake kwa Kiswahili. Ilikuwa habari ya furaha magazetini. Lakini wengi wetu tulijifunza kompyuta kwa Kiingereza na tukabaki humo, na mpaka leo mama akiona neno "Save" anajua la kufanya kuliko akiona "Hifadhi". Tunasikitika kwa hilo.

Kwa upande wa simu, mambo ni yale yale. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na watu waliambiwa mapema wabonyeze *#06# kuona namba ya simu na kuituma kwenda 15090 wajue kama ni halisi. Wengi walingoja hadi zikazimika. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android toleo la 4.4 na ya chini yake, na katika kwaya yetu kuna mama wawili waliodhani wameondolewa kwenye kundi kwa chuki. Ilibidi tuwapatanishe na mwenyekiti kwanza, ndipo tuwaonyeshe sehemu ya mipangilio ya simu inapoandikwa toleo lake.

Nasi tukumbuke kwamba tangazo lililobadilisha maisha ya mama wa Kilakala kuliko yote halikudai anunue chochote. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilifanya kazi kwenye kitochi kile kile alichokuwa nacho.

Binti ameripoti chuoni. Kaka yake amebandika karatasi ukutani nyuma ya kompyuta, ameandika tarehe ya mwisho ya kila programu anayotumia, na chini yake kiasi anachoweka kila mwezi kwa ajili ya mashine ijayo. Matangazo bado anayatazama usiku. Kinachomsumbua sasa ni printa ya rangi, ambayo haijaelewana na Linux, hivyo wanaotaka picha za pasipoti anawaelekeza kwa jirani, na jirani humpa kidogo kwa kila mteja.