Neno la Mhariri: Kifo cha Mtoto na Hesabu ya Wazazi

Mwanamuziki Johann Sebastian Bach alizaa watoto 20 kwa wake wawili; waliofikia utu uzima ni 10. Kwa Ujerumani ya karne ya 18 msiba wa namna hiyo haukuwa wa nyumba moja. Sweden, iliyoanza kukusanya takwimu za watu wake kupitia makasisi wa parokia mwaka 1749, ilizika takribani mtoto mmoja kati ya watano kabla hajatimiza mwaka. Ufaransa hali ilikuwa mbaya zaidi: mmoja kati ya wanne. Katika daftari za ubatizo za Ulaya si nadra jina la mtoto aliyezikwa kurudi tena, amepewa mdogo wake.

Kutokana na vifo hivyo ilizaliwa hoja ambayo bado inarudiwa darasani na katika mipango ya serikali: wazazi walizaa wengi kwa sababu walijua wengi watakufa, na watoto walipoanza kupona, wazazi wakapunguza. Hoja hiyo huingia akilini upesi, na pengine ndiyo maana imedumu. Daftari zenyewe haziikubali kirahisi.

Sweden inaiunga mkono, lakini kwa kuchelewa sana. Vifo vya wachanga vilianza kupungua huko mwanzoni mwa karne ya 19, nayo chanjo ya ndui ikawa lazima kisheria mwaka 1816. Uzazi ulianza kushuka kwa kudumu takribani mwaka 1880, yaani baada ya vizazi viwili. Ufaransa inaipinga waziwazi: wanandoa wa huko walianza kupunguza uzazi mwishoni mwa karne ya 18, wakati makaburi ya watoto yalikuwa bado yanajaa. Uingereza imekaa katikati. Uzazi ndani ya ndoa ulianza kushuka katika miaka ya 1870, ilhali vifo vya walio chini ya mwaka mmoja vilibaki takribani 150 kwa kila 1,000 hadi karne ilipokaribia kwisha. Hata hivyo, vifo vya watoto waliokwisha kuachishwa ziwa vilikuwa vimeanza kupungua mapema zaidi, na huenda mzazi alimhesabu zaidi mtoto aliyekwisha kutembea na kusema kuliko kichanga cha miezi mitatu. Anayetaja “vifo vya watoto” bila kutaja umri hajasema kitu.

Jambo lililo wazi zaidi katika kumbukumbu za kale halihusu uamuzi. Mwanamke anayenyonyesha huchelewa kushika mimba. Mtoto akifa, ziwa linakatika na uwezo wa kubeba mimba unarudi mapema. Étienne Gautier na Louis Henry, waliochapisha mwaka 1958 uchunguzi wao wa kijiji cha Crulai huko Normandy, waliunganisha rekodi za ubatizo, ndoa na mazishi za kila familia, na pengo hilo likaonekana: kichanga kilipokufa, aliyefuata alizaliwa miezi kadhaa mapema zaidi. Mtu asiyejua habari za maziwa angedhani wazazi wanaharakisha kufidia. Bavaria inaonyesha jambo hilo kwa ukali wake wote. Katika sehemu kubwa ya jimbo hilo akina mama hawakunyonyesha. Watoto walipewa uji, wakaharisha, na katika karne ya 19 zaidi ya 300 kati ya 1,000 walikufa kabla ya mwaka, huku mimba zikifuatana upesi. Hapo kutonyonyesha kulileta vifo na mimba kwa pamoja, na mimba za kukaribiana nazo zikaleta vifo. Waswahili wana neno kwa sehemu ya pili ya mlolongo huo: mtoto anayenyonya akidhoofika kwa kuwa mama ameshika mimba mapema, husemwa amebemendwa.

Henry aliuita uzazi wa namna hiyo wa asili. Hakukusudia kwamba hauna mipaka. Kaskazini-magharibi mwa Ulaya wanawake waliolewa wakiwa na miaka 25 hivi, na wengi hawakuolewa kabisa. Jamii ilipunguza watoto kwa kuchelewesha harusi. Kilichokosekana ni wanandoa kusimama kwa sababu wamefikisha idadi fulani.

Mradi mkubwa ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1963, ukiongozwa na Ansley Coale, ulipima uzazi wa mikoa ya Ulaya mmoja mmoja. Ulitarajiwa kuonyesha kwamba kushuka kwa vifo kulitangulia kushuka kwa uzazi. Haukuonyesha hivyo kwa uhakika. Mara nyingi mipaka ya lugha na utamaduni ilieleza zaidi: nchini Ubelgiji vijiji vya wasemao Kifaransa vilitangulia vya jirani wasemao Kiflemi. Coale alihitimisha kwamba sharti la kwanza ni idadi ya watoto kuwa jambo ambalo wanandoa wanaona wanaweza kulipangia. Njia haikuwa ngeni. Nyingi ya familia hizo zilitegemea mume kumwaga nje, ile ambayo wanafiqhi wameijadili kwa karne nyingi kwa jina la azli.

Toleo hili linachukua msimamo kwamba kupona kwa watoto kulifungua mlango, lakini hakukumsukuma mtu kuupita. Pale familia ndogo ilipokuja baadaye, kupona huko kuliifanya idumu. Kudai zaidi ya hapo ni kuwasemea wafu. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 1911 iliandika kwa kila mwanamke aliye katika ndoa miaka ya ndoa yake, watoto aliowazaa hai, walio hai bado na waliokufa. Haikuwa na safu ya watoto aliowataka.