Kamanyola: Choo chenye ngazi tatu si choo cha watu wote

Kamanyola, Kivu Kusini – Kila mara vyoo vipya vinapokabidhiwa kwa shule, kituo cha afya ama kambi ya wahami, hesabu inayosomwa mbele ya watu ni idadi ya milango. Milango sita, milango minane, makofi, picha, kisha sahihi. Swali lisilo na nafasi kwenye karatasi hiyo ni fupi: nani anaweza kuingia?

Chukueni choo cha kawaida katika bonde la Ruzizi. Pale ambapo maji ya chini ya udongo hayako mbali, fundi anainua msingi ili shimo lisijae haraka. Hapo amefanya vizuri. Lakini mbele ya msingi anaweka ngazi mbili ama tatu, bila kitu cha kushika. Mlango ni mwembamba na unafunguka kwa ndani. Ndani kuna tundu chini, ukuta mtupu, na nafasi ya mtu mmoja kuchuchumaa.

Sasa aje mama aliyekatwa mguu, na magongo yake mawili. Aje mzee mwenye magoti mabovu. Aje kijana wa kigari cha matairi matatu, yule anayevusha mizigo mpakani. Anaacha kigari chini, anatambaa kwa mikono juu ya simenti ambayo wengine wameikojolea, halafu mikono hiyo ndiyo atakayolia chakula. Katika jimbo ambako kipindupindu kinarudi mwaka baada ya mwaka, ugonjwa huo hautaishia kwake peke yake. Wengine wanangoja giza waende shambani. Kwa mwanamke asiyeweza kukimbia, kila mtu hapa anajua giza lina maana gani.

Jibu ambalo wakaaji wamezoea kulisikia ni kwamba walemavu ni wachache. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na ulemavu mkubwa. Na kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya msaada yenyewe yanazitumia, zinakubali watu 50 kwa choo kimoja mwanzoni mwa dharura, kisha washuke hadi 20. Pigeni hesabu: kati ya watu 50, ni watu 8 hivi. Hapo wajawazito na wagonjwa waliotoka kupasuliwa hawajahesabiwa.

Jibu lingine: ilikuwa vita, tulifanya haraka. Ni kweli, mapigano ya Desemba 2025 katika Kamanyola, Katogota na Luvungi yalikimbiza jamaa nyingi, na hakuna aliyengoja mchoro wa ingenieri. Lakini mteremko hauchelewi kuliko ngazi. Kwa kila sentimita 10 za kimo, unajenga sentimita 120 za urefu. Msingi wa sentimita 40 unaomba mita 4 na sentimita 80. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 hadi 90, ufunguke kwa nje. Mti uliosuguliwa, ukipigiliwa vizuri ukutani, unatosha kushikia. Matofali machache yanatengeneza kiti chenye tundu. Kinachokula pesa ni kubomoa baadaye.

Kuna pia ule ujanja wa kuchora alama ya kigari kwenye mlango mmoja, kisha kuufunga kwa kufuli na kuweka mifagio ndani. Choo hicho kinahesabiwa kwenye ripoti.

Congo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 9 kinadai majengo, shule na vituo vya afya vifikike. Kifungu cha 11 kinataja vita waziwazi. Nchi ina pia sheria yake, nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Mama wa magongo hapotezi haki hiyo kwa sababu mji umebadili mikono.

Basi karatasi ya kukabidhi choo isitiwe sahihi kabla mtu mwenye kigari na mtu mwenye magongo hawajaingia, wakajifungia, wakageuka, wakanawa na kutoka bila kubebwa. Kamati za wazazi na za wahami hazihitaji kumngojea mkaguzi kutoka Bukavu. Kamba iliyokatwa kwa sentimita 80 inapima mlango wowote, hata leo jioni.