UKURASA WA MAMA: Inveta Ndani ya Gari la Kwaya



Mwezi huu tunajibu swali la akina mama wa kwaya moja ya Bilele, Bukoba mjini. Wamechanga fedha na kununua inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani. Wanataka kuitumia ndani ya Hiace wanapokwenda kuimba Muleba: kuchaji spika, kuchemsha maji ya uji wa watoto na, zaidi ya yote, kuendesha mashine ya kuvutia dawa ya mtoto wa mwenzao mwenye pumu. Wanauliza, je, ni salama gari likiwa linatembea?

Jibu letu ni ndiyo, kwa vyombo vidogo. Tena ni afadhali likitembea kuliko likiwa limezimwa, kwa sababu injini huzungusha altaneta, nayo hurudisha chaji kwenye betri. Lakini kama yule mjenzi wa mnara katika Luka sura ya 14, tuketi kwanza tupige hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tazama nyuma ya chombo imeandikwa wati ngapi. Kwa gari la volti 12, ondoa sifuri moja ya mwisho, nawe umepata ampea ambazo betri itatoa. Spika ya wati 50 inataka ampea 5. Birika la wati 1500 linataka ampea 150! Tundu la kuwashia sigara, ambalo wengi huchomeka inveta, kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15 tu. Basi hapo msizidishe wati 100. Birika na pasi viacheni nyumbani. Maji ya uji yatoke jikoni yakiwa ndani ya chupa ya chai, na sare zipigwe pasi jana yake.

Fyuzi ikikatika, kamwe msifunge waya mtupu mahali pake. Fyuzi hukatika ili waya usiungue, na moto ndani ya gari lililojaa akina mama na watoto hautoi nafasi ya kujadiliana. Inveta kubwa ifungwe na fundi umeme wa magari, moja kwa moja kwenye betri, kwa nyaya nene na fyuzi yake karibu na betri. Kabla ya kukodi gari jingine, ulizeni volti zake. Mabasi na malori mengi ni ya volti 24, na inveta ya volti 12 ikifungwa humo itaungua.

Mahali pa kuiweka pia pana maana. Inveta hupata joto, hivyo isifunikwe kwa vitenge wala mizigo. Ifungwe imara, maana dereva akishika breki ghafla kwenye mlima wa kupanda Kamachumu, kisanduku hicho kitaruka kama jiwe. Isiloweshwe na mvua, na mikono ya watoto isiifikie: umeme unaotoka humo huua sawa na ule wa ukutani. Dereva asiiguse akiendesha; mama mmoja apewe kazi hiyo.

Mkifika, injini ikizimwa, inveta nayo izimwe. Betri ya ampea 60 kwa saa, ikitoa ampea 10, hufika nusu kwa saa tatu, na baadaye gari linaweza kukataa kuwaka. Wala msiache injini ikinguruma ndani ya gereji, au watoto wakiwa wamelala garini. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Sasa tuje kwa mtoto wetu. Mashine yake ina mota, na mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa. Aina nyingine za inveta za bei nafuu pia hutoa umeme usio laini, na mashine huenda ikapata joto au isifanye kazi. Ijaribuni nyumbani, gari likiwa limesimama na mtoto akiwa mzima. Lakini mama mwenzetu, usiweke pumzi ya mwanao juu ya waya mmoja. Muulize daktari kuhusu pampu ya pumu inayotumika pamoja na kopo lake la kuvutia. Haihitaji umeme, na kwa watoto wengi husaidia sawasawa na mashine. Ikae mkobani, si katika mizigo ya juu ya gari. Tena mjue hospitali zilizo njiani: Ndolage kule Kamachumu, Kagondo, Rubya. Mtoto akishindwa kusema au kunyonya kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, mpeni pampu na gari lielekee hospitali mara moja. Ibada itasubiri.

Hatusemi haya ili mjute kununua. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipowalaza nje wengi wa Bukoba, taa na simu yenye chaji vilikuwa vitu vya thamani. Chombo ni chema kikiwa mikononi mwa mwenye busara.