Ajisamehe Kosa Gani?

Makala zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zilizidi nafasi tuliyokuwa nayo, na karibu zote zilikuwa na shauri lilelile: aliyedhalilishwa mtandaoni afundishwe huruma kwa nafsi, aseme na moyo wake kwa upole, na mwishowe ajisamehe. Hapo kwenye kujisamehe ndipo kalamu yangu nyekundu ilipokwama. Ajisamehe kosa gani? Binti alimtumia mchumba wake picha za faragha, uchumba ukavunjika, mwanamume akazimwaga kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenye kosa yupo, ana jina na namba ya simu. Ukimwambia binti ajisamehe umeshamhukumu, tena kwa sauti ya upole, na hukumu ya namna hiyo ni ngumu kuikatia rufaa.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wakongwe wa fani yetu ya ushauri nasaha wanaoona kwamba huruma kwa nafsi ni deko na kwamba mtu akijionea huruma atabweteka. Hoja hiyo ilishajibiwa. Mwaka 2012 wanasaikolojia Juliana Breines na Serena Chen walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliofanya vibaya kwenye mtihani mgumu, wakaongozwa kujitazama kwa huruma, walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani wa marudio kuliko wenzao. Anayejilaumu hasomi, anajificha. Wanaoendelea kuhubiri kwamba fimbo humwinua mtu wamebaki na fimbo tu, ushahidi hawana.

Lakini jaribio lile lilihusu mtu aliyeshindwa mwenyewe. Wateja wetu hawajafeli mtihani wowote. Wametendwa. Mafunzo mengi ya siku mbili hotelini yanairuka tofauti hii, na ndiyo maana yanaishia kwenye kujisamehe.

Mwanasaikolojia Kristin Neff alipoichambua huruma kwa nafsi mwaka 2003 aliiona ina sehemu tatu: upole badala ya kujihukumu, kutambua kwamba mateso ni ya wanadamu wote badala ya kujiona umetengwa, na utulivu wa fikra badala ya kuzama kwenye maumivu. Kwetu ya kwanza na ya tatu zinafundishwa mpaka watu wanasinzia: mkono kifuani, vuta pumzi, toa pumzi. Ya pili inapewa slaidi moja kabla ya chai ya saa nne. Mimi nashikilia kwamba kwa aliyeumizwa mtandaoni hiyo ya pili ndiyo dawa.

Chukua mikopo ya simu, ile iliyobatizwa kausha damu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, unakubali kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Unaomba laki moja, inaingia pungufu, makato yameshapita, na siku za kulipa ni za kuhesabu kwa vidole. Siku zikiisha, ujumbe hauji kwako peke yako. Unakwenda kwa mama mkwe, kwa bosi, kwa mweka hazina wa kikoba, hata kwa fundi bomba uliyemhifadhi miaka iliyopita kwa jina la "Fundi Sinki": huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Wengine hubandikiwa na picha zao juu ya maneno hayo. Jioni hiyo mkopaji anajitoa kwenye kundi la familia, la kikoba, la wazazi wa shuleni, moja baada ya jingine, kabla mtu hajamuuliza lolote. Kisha anazima simu. Mkopeshaji hakuwa na haja ya kumtenga na watu. Alijua atajitenga mwenyewe, na biashara yake yote inasimama hapo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data alikuwa ameshaitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya shilingi milioni 5 mwaka 2023, baada ya malalamiko ya watu ambao namba zao zilichukuliwa kutoka kwa wengine, kisha wakaanza kusumbuliwa. Wenzetu wa fedha wanaisoma orodha ile ya Tanzania kama habari ya leseni. Mimi naiweka kwenye tiba. Mtu aliyekuwa akiamini kwamba yeye ndiye mjinga pekee mjini anaona majina 69, na anaelewa kwamba mtego mkubwa hivyo haukutegwa kwa ajili yake peke yake. Zoezi gani la kupumua linaweza kumfikisha hapo?

Zoezi maarufu la Neff linamtaka mtu ajiulize angemwambia nini rafiki aliyefikwa na jambo lilelile. Lifanye na kina mama wa kwetu, usikie. Hakuna anayeishia kwenye pole. Pole shoga yangu, hebu kwanza ule. Hiyo simu nipe mimi, nitakusomea. Kesho asubuhi twende wote Dawati la Jinsia. Ndani ya majibu hayo kuna chakula, kuna mtu wa kuyapokea matusi kwa niaba yako, na kuna wa kukusindikiza polisi. Anayefundishwa kujitendea kama rafiki afundishwe na hayo pia, maana rafiki wa kwetu hajui kufariji akiwa amekaa. Tena wapo ambao hawawezi kuanza na nafsi zao hata ukiwabembeleza. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyejenga tiba yake juu ya huruma, ameeleza pamoja na wenzake jinsi watu wenye aibu nzito wanavyouogopa upole, hata unaotoka kwao wenyewe. Hao, kwa maoni yangu, waanze kuupokea kwa wengine.

Kuna jambo la kisheria ambalo washauri nasaha wengi hawalifikirii: aibu hufuta ushahidi. Mtu anafuta ujumbe, anavunja laini, anafunga akaunti, na akipata ujasiri wa kwenda kituoni wiki kadhaa baadaye hana cha kuonyesha. Kifungu cha 37 cha sheria ya makosa ya mtandao ya Kenya ya mwaka 2018 kinamtisha msambazaji wa picha za utupu kwa kifungo cha hadi miaka miwili, lakini hakimsaidii sana aliyekwisha kufuta kila kitu. Kwa hiyo kikao cha kwanza kisiwe cha machozi tu. Ipigwe picha ya skrini, iandikwe tarehe na saa, kihifadhiwe kiungo na namba iliyotuma, na kama mwenyewe hawezi kuvitazama tena, amwachie anayemwamini.

Wala tusijifanye kwamba aibu yote imo kichwani mwa mwathirika. Agosti 2024, baada ya kusambaa kwa video ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume nchini Tanzania, kamanda wa polisi wa mkoa mmoja alinukuliwa kwa kauli iliyoonekana kumlaumu binti mwenyewe, akaondolewa kwenye nafasi yake. Uganda ilikuwa na sheria ya 2014 ya kupinga ponografia iliyotumika kuwatisha hata wanawake ambao picha zao zilivujishwa na wengine, mpaka Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vyake muhimu mwaka 2021. Na kila video inapovuja, wapo watu wazima wanaoombana koneksheni, yaani kiungo cha video hiyo, usiku, asubuhi wanaandika laana dhidi ya aliyerekodi. Anayeogopa kujitokeza mbele ya watu wa aina hii fikra zake ziko sawa kabisa. Mshauri anayemtaka "abadilishe mtazamo" ndiye anayehitaji kutembelewa na ukweli.

Katika toleo hili kuna makala kutoka Mombasa kuhusu wavulana wanaotishiwa kwa picha zao wenyewe. Nilimwomba mwandishi airefushe, akakataa. Makala kuhusu wafanyakazi wa Nairobi wanaochuja maudhui ya mitandao, ambao madai yao ya madhara ya kutazama ukatili yako mahakamani tangu 2022, ni nzuri, ila mwandishi anayaamini kupita kiasi mapumziko ya dakika kumi. Ipo pia tafsiri ya dodoso la Neff lenye vipengele 26, kwa wanaopenda madodoso. Mjadala wa viongozi wa dini kuhusu msamaha tumeuchapa kama ulivyoletwa, na aya yake ya tatu siikubali hata kidogo.

Toleo lijalo litahusu watoto na michezo ya mtandaoni. Mazoezi ya kupumua tunayo ya kutosha. Atakayetuma jingine aambatanishe maelezo ya nani alimsindikiza mteja kituoni, walikaa benchi muda gani, na kama walitoka na namba ya taarifa ya polisi, yaani RB, au OB kwa wenzetu wa Kenya.